Mke wa Mwiti Mpaka Nanyuki

"Huyu ni nani?"

"Mke wangu, afande."

"Tangu lini? Juzi ulipita hapa bila mke."

"Alikuwa kwa mama yangu. Mke mpya humtembezi kwa lori siku ya kwanza."

Askari wa kizuizi akacheka. Mimi nikaangalia magoti yangu. Sikuwa mke wa Mwiti. Sikuwa mke wa mtu yeyote, na kitambaa nilichofungwa shingoni kilikuwa kinanikaba.

"Mama, ni kweli huyu ni bwana yako?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Anaona haya," Mwiti akasema.

"Haya, piteni. Koplo atapanda mbele na nyinyi. Magari yote yafuatane."

Hivyo ndivyo nilivyotoka Isiolo, nimebanwa katikati ya mwanaume aliyenipenda na koplo mwenye bunduki, nikienda Nanyuki kumtafuta mwanaume niliyempenda mimi.

Wakati ule wa shifta, waasi wenye bunduki wa kaskazini, hukuweza kutoka Isiolo kwa kupenda tu. Magari yalisindikizwa na askari. Jioni kila mtu alikuwa nyumbani kwake, na ukisikia mlango unagongwa hukuuliza ni nani. Mimi nilikuwa naosha vikombe katika hoteli ya Mama Kananu. Shule niliachia darasa la tano, baba alipofariki. Siku nzima nilisikia watu wakiongea, lakini mimi mwenyewe ningeweza kumaliza siku bila kusema maneno kumi.

Telegramu ilipofika, Mama Kananu aliisoma yeye mbele ya wateja.

"Akal! Bwana yako wa baharini ameandika!"

Nilitamani kuingia ndani ya birika.

ABIRIA WANACHAGUA NGOME NA UFUO AU TRENI YA MLIMA KENYA. NAJARIBU WACHAGUE TRENI. JUMAMOSI STESHENI NANYUKI. LOKAALE.

"Hebu nieleze," Mama Kananu akasema. "Abiria gani?"

"Wa meli, Mama. Lokaale anawapelekea chakula mezani. Meli ikisimama Mombasa, wanaulizwa wanataka kutembezwa wapi. Yeye anaenda na wale wa meza yake."

"Kwa hivyo wazungu wakipenda mchanga, wewe huna bwana. Wakipenda mlima, unaye."

"Ndiyo, Mama."

"Makubwa haya! Mimi wangu aliamuliwa na mbuzi, nikadhani nimeonewa."

Wateja walicheka sana. Mwiti hakucheka. Alikuwa kwenye meza yake ya kila siku, chai mbele yake, kofia kwenye goti. Alikuwa dereva, anabeba unga kutoka Nanyuki, na alikuwa amenichumbia zaidi ya mara moja.

Nilipotoka nyuma kusuuza vitambaa, akanifuata.

"Utafikaje Nanyuki?"

"Sijui."

"Mwanamke peke yake hapiti kizuizini. Wanasema wanawake ndio wanawapelekea shifta habari. Dereva anaruhusiwa mke wake tu."

Nikaendelea kusuuza.

"Nimekuomba mara ngapi, Akal? Kila nikiuliza unanijibu kwa kuosha vikombe."

"Mwiti..."

"Ngoja nimalize. Nitakupeleka. Nitasema wewe ni mke wangu. Akishuka kwenye treni, sitakusumbua tena, hata neno moja. Lakini asiposhuka, tukirudi pale kizuizini, wakiniuliza huyu ni nani, nataka niwe nasema ukweli."

Nilikamua kile kitambaa mpaka maji yakaisha.

"Wakikugundua?"

"Yule dereva aliyewadanganya mwezi uliopita bado yuko ndani. Lori walichukua."

"Na bado utanipeleka?"

"Nijibu lile nililokuuliza."

"Sawa," nikasema.

Jumamosi asubuhi Mama Kananu alinivuta jikoni akanishika kidevu.

"Nyinyi Waturkana mwanamke akiolewa anavishwa pete ya chuma shingoni, sivyo? Haivuki siku bila hiyo pete."

"Ndiyo, Mama."

"Na yako iko wapi, mke wa Mwiti? Hawa askari wa kizuizi wamekaa na sisi miaka. Wanajua kuangalia." Akanizungushia kitambaa chake cha maua, akakifunga mafundo mawili. "Huko ni baridi. Hakuna atakayeuliza."

Koplo alikuwa mgeni. Alikuwa ametoka upande wa ziwani juzi tu, mila za Isiolo hakuzijua, na alipenda maongezi.

"Bwana Mwiti, harusi ilikuwa wapi?"

"Kwetu, Meru. Mvua ilinyesha."

"Mvua ni baraka! Mlichinja?"

"Fahali mweupe. Mama yangu alilia. Huyu hapa hakula kitu siku nzima, akasema shavu linamuuma. Alikuwa anaogopa tu."

"He he! Na nyumba?"

"Ya mbao. Dirisha linaangalia mashariki, kwa sababu anapenda kuamka mapema."

Nilimtazama Mwiti. Hakuwa anatafuta maneno. Mambo yote yale yalikuwa tayari kichwani mwake, hadi dirisha. Na ni kweli napenda kuamka mapema. Sikuwahi kumwambia.

Barabara ilipanda, baridi ikaingia. Mlima haukuonekana. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi mashambani.

Stesheni ya Nanyuki ilikuwa imefagiliwa kwa ajili ya wageni. Koplo alituambia, "Nakunywa chai hapo ng'ambo. Nikiita, tunaondoka," akaenda. Mwiti alisimama karibu na magunia, mimi nikasimama karibu na nguzo. Watu walipita. Hakuna aliyekuwa ananitafuta, na hakuna ambaye ningemjua. Nikawaza labda sasa hivi Lokaale yuko ufuoni, anawashikia wazungu viatu.

"Inachelewa," Mwiti akasema.

"Ndiyo."

"Labda walichagua mchanga."

Reli ilikuwa imeanza kulia.

Treni ilikuja polepole. Wazungu walikuwa wamejaa madirishani na kamera zao. Wakashuka wazee kwa vijana, wakatazama juu walikoambiwa kuna mlima, wakaona mawingu. Halafu akashuka mwanaume mweusi mwenye koti jeupe, amembebea bibi mmoja mzee mwavuli. Nilimjua kwa mwendo kabla ya kumjua kwa sura.

Nyuma yangu nilisikia Mwiti akivuta pumzi, kisha akaitoa.

"Akal," Lokaale akaniita.

"Ejok," nikasema. Salamu ya nyumbani. Nilikuwa na maneno ya miaka miwili, na hilo tu ndilo lililotoka.

"Umekuwa mwembamba."

"Wewe umenenepa."

Akacheka. "Melini wanatupa chakula ambacho kingelisha kijiji chetu chote cha Burat. Nilidhani hutafika. Nilisikia barabara imefungwa."

"Nilidhani watachagua mchanga."

"Walikuwa wameshachagua mchanga! Meza nzima. Nikamwendea huyu bibi, Bi Jane, nikamwambia mchanga uko kila mahali, lakini mlima wenye theluji utauona wapi tena? Nikamwambia kutoka kwenye treni unauona kama unaweza kuugusa. Akawageuza wenzake wote."

"Umewahi kuuona kutoka kwenye treni?"

"Sijawahi kupanda hii treni."

Bibi yule alisogea, akasema kitu kwa Kiingereza akinitazama. Nililipata neno moja tu, mlima.

"Anasema nini?"

"Anasema mlima hakuna, nimemdanganya." Lokaale akainamisha kichwa. "Halafu anauliza kama mlima wenyewe ni wewe."

Nikajifunika mdomo kwa mkono.

"Akal, sikiliza. Nimebakisha safari moja. Nikiimaliza narudi kabisa. Kuna kitu nimekutengenezea mwenyewe, jikoni mwa meli. Nataka kukuuliza..."

"Mke wa Mwiti!"

Koplo alikuwa anakuja, anafuta mdomo. "Mke wa Mwiti, twende! Magari yanaanza!"

Lokaale alitazama nyuma yake kuona anayeitwa. Hakukuwa na mwanamke mwingine.

"Mke wa nani?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo nikaanza kwa Kiturkana, haraka haraka. Koplo akainua mkono.

"Kiswahili! Hakuna kilugha mbele yangu. Na huyu ni nani?"

"Tulisoma naye," Lokaale akasema taratibu.

Koplo akanigeukia. "Mwambie basi kwa Kiswahili. Wewe ni nani?"

Mwiti alikuwa hatua chache kutoka kwetu. Rangi ilikuwa imemtoka. Alinitazama mara moja tu, halafu akatazama lori lake. Ningesema ukweli wangemkamata pale pale, mbele ya treni. Alikuwa amejitia hatarini ili nije kumwona mwanaume mwingine.

"Jibu, mama."

"Mke wa Mwiti," nikasema.

Lokaale alifunga kifungo cha koti lake. Kisha akasema, "Hongera," kwa sauti ile ya kumwuliza mgeni kama ataongezewa supu. Akamshika Bi Jane mkono, akampandisha behewani. Hakugeuka.

Filimbi ikalia. Abiria walikuwa wanarudi ndani, wananung'unika kuhusu mawingu. Nilimwona Lokaale akipita dirisha baada ya dirisha, akaketi, akatazama upande mwingine.

Mimi ni mtu ambaye nikipita mbele ya watu natamani niwe kivuli. Siku ile nilitembea hadi ukingoni mwa stesheni, mbele ya wazungu na kamera zao na askari, nikaanza kufungua kitambaa cha Mama Kananu. Fundo la kwanza lilikataa. Nikaliuma kwa meno. La pili likafunguka. Nikakivua, nikainua kidevu.

"Unafanya nini?" Koplo akauliza.

"Nasikia joto, afande."

"Joto? Nanyuki?"

Treni ilijongea. Bi Jane ndiye aliyeniona kwanza. Sijui aliona nini, lakini alimgusa Lokaale begani. Akageuka. Akaangalia uso wangu, halafu akaangalia shingo yangu. Shingo tupu, haina chuma, kama siku aliyoondoka. Nikasimama vivyo hivyo, baridi inanichoma, mpaka nikaona amesoma maana yake.

Akatoweka dirishani.

Mabehewa yakaanza kunipita. Kisha nikamwona kwenye mlango wa behewa la mwisho, koti limefunguka, ananitupia kitu. Kikang'aa, kikagonga sakafu, kikaviringika na kuzunguka, hadi buti la koplo likakikanyaga.

"Subiri safari moja!" Lokaale alipaza sauti. Kwa Kiswahili, mtu yeyote asikie. "Safari moja tu!"

Koplo akainama. Ilikuwa pete kubwa ya chuma cheupe, imekunjwa kwa nyundo, upande mmoja haujanyooka vizuri.

"Hii ni nini?"

Mwiti akasogea, akaichukua mkononi mwake. Amezaliwa Meru lakini amekulia Isiolo. Hakuna asichokijua kuhusu pete ile.

"Sufuria hii, afande. Ni ukingo wa sufuria. Wazungu hutupa vitu ovyo."

"Na yule alisema nini, safari moja?"

"Wa melini hao. Maneno yao yote ni safari."

Akaipangusa kwa shati lake, pande zote mbili, akanipa.

Kurudi, koplo alilala, kofia usoni. Pete ilikuwa mapajani mwangu. Tulianza kushuka, joto la nyumbani likaanza kuingia dirishani.

"Alishuka," Mwiti akasema.

"Ndiyo."

"Nilisema akishuka sitasema neno."

"Ndiyo, Mwiti."

"Basi sisemi."

Akaendesha. Baada ya muda nikamwuliza jambo ambalo halikuwa langu kuuliza.

"Ile nyumba ya mbao. Ipo?"

"Mbao zipo."

Kabla ya kufika kizuizini alipunguza mwendo, akaokota kitambaa kwenye kiti, akaninyooshea bila kunitazama.

"Funga. Hawa wanajua kuangalia."

Nikafunga. Pete nikaikalia.

Askari alikuwa yule yule wa asubuhi. Akachungulia.

"Huyu ni nani?"

Mwiti alishika usukani kwa mikono yote miwili. Midomo ilisogea, sauti haikutoka.

"Mwiti! Nanyuki wamekukata ulimi? Nimeuliza, huyu ni nani?"

"Mke wake," nikasema. Nilisema kwa nguvu, koplo akaamka.

"Ala! Asubuhi alikuwa bubu, sasa amepata mdomo! Umefanyiwa nini huko, mama?"

"Kulikuwa na baridi, afande."

Wakacheka, mti wa kizuizi ukainuliwa, tukapita. Koplo akashuka akituombea watoto wengi. Mwiti aliendesha hadi mbele ya hoteli, akazima lori. Mama Kananu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Sasa unaweza kufungua," Mwiti akaniambia.

Nikafungua kitambaa. Nikashuka.

Pete ile sikuivaa, kwa sababu mwanamke hajivishi mwenyewe. Niliitundika kwenye msumari juu ya rafu ya vikombe, nikaendelea kuosha. Redio ikitaja meli naacha maji yatulie nisikie. Mwiti bado anakuja kunywa chai. Amehama meza tu. Siku hizi anakaa ile ya pembeni, ambayo ukiikalia, msumari unakuwa nyuma yako.