Shimesikio Juu ya Meko

Kila alasiri akitoka shule, Yasmini alivua sare, akala kiporo cha wali, akamfuata Bibi Sijaona shambani kuamia ndege wasile mpunga. Mpunga wa kijijini Mbuchi ukianza kukomaa, ndege hao waitwao kwelea hawana haya. Bibi alilinda upande wa mtoni, Yasmini akapanda dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, kombeo mkononi.

Madungu huitana. Anayelifukuza kundi shambani kwake humwonya jirani, "Hao wanakujaaa!" Dungu la pili lilikuwa la Zawadi, rafiki yake wa darasa la sita. Baada ya onyo ulifuata utani, wakapigiana kelele hadi magharibi.

Yasmini aliyasikia hayo kwa shimesikio, kifaa kidogo cha kumsaidia kusikia alichovaa nyuma ya sikio. Mvua zilipozidi, kiliingia unyevu na sauti zikawa zinakatika. Akafanya kama watu wote wa kwao: akakiweka kwenye uchaga juu ya meko, panapokaushwa mbegu, chumvi na viberiti. Asubuhi alikikuta kina masizi, mpira wake umekakamaa. Hakikutoa sauti tena.

Hakumwambia mtu. Tarehe ya kupimwa masikio hospitalini Kibiti ilikuwa imepita mara mbili, na ni yeye aliyemwambia Bibi, "Nasikia vizuri, tuvune kwanza." Sasa angeanzia wapi? Akaendelea kukivaa hivyo hivyo, kama hereni.

Nyumbani alifuata midomo ya Bibi; darasani alicheka wenzake walipocheka, asijue kinachochekesha. Mwalimu Recho akiuliza, yeye aliitikia kwa kichwa tu. Zawadi naye alimtania siku tatu, nne; asipojibiwa, akadhani anaringiwa. Akabaki kumpigia onyo la ndege tu, maana onyo halina ugomvi. Yasmini alimwona kwa mbali akicheka na watu wa dungu la tatu. Hakuna upweke mbaya kama kuwaona watu wako na usiwapate.

Ijumaa moja, mwezi ukikaribia kwisha, kwelea walishuka nyuma yake. Bibi alipofika mbio, robo ya jaruba ilikuwa mabua matupu.

"Yasmini! Hukumsikia mwenzio alivyopiga kelele?"

Yasmini aliona midomo ya Bibi ikicheza. Akavua kile kifaa, akakiweka kiganjani mwa bibi yake, akalia.

Jumatatu walipanda boti, kisha gari, hadi Kibiti. Bwana Gaudens, mtaalamu wa masikio, hakufoka. Alitoa nta sikioni, akampima, akasafisha masizi, akabadilisha mpira na betri. Kifaa kiliporudi mahali pake, Yasmini alisikia kwanza kiti kikilia chini ya Bibi. Akatabasamu.

"Una bahati, hakikuungua ndani," alisema Bwana Gaudens. "Hiki hakitaki moto wala moshi, binti. Usiku kifute kwa kitambaa kikavu, acha wazi kijumba cha betri, kisha kilaze ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na hivi vipakiti vya kunyonya unyevu. Na uje kila miezi sita."

"Hata kama nasikia vizuri?"

"Hata kama. Usikivu hupungua polepole, mwenyewe usijue."

Njiani Bibi alisema, "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ndege wamekula robo ya jaruba, mjukuu wangu, tutapanda tena mwakani. Lakini ukimya wako umekula mwezi mzima wa maisha yako. Kitu kikiharibika, sema siku hiyo hiyo."

Kesho yake Yasmini alipanda dungu.

"Hao wanakujaaa!" Sauti ya Zawadi ilifika kavu, bila utani.

Yasmini alirusha jiwe kwa kombeo, kundi likapotelea mtoni. Kisha akakusanya pumzi zake zote.

"Zawadiii! Sikuringa! Nilikuwa sisikiii!"

Alisikia mpunga tu ukichezewa na upepo. Akadhani hasira za rafiki yake hazijaisha.

"Sasa mbona hukusemaaa?" Zawadi alijibu, na sauti yake haikuwa kavu tena; ilikuwa ya mtu aliyemkosa rafiki yake mwezi mzima.