Nkambo Émerence Asema Yuko Hai

Kila asubuhi kabla ya shule, Talitha alichekecha unga uani huku bibi yake, Nkambo Émerence, akichochea moto na kulalamikia kila kitu: kuni mbichi, goti lake la kushoto, na ndege za kijeshi zilizopita chini chini kuelekea Base ya Kamina, kambi kubwa ya jeshi. Ulikuwa mwaka wa 1998, na vita vilikuwa vimeanza tena. Nkambo alizionyeshea ndege hizo mwiko.

"Piteni tu! Mimi napika!"

Kupika ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, kwenye bweni la shule, mpaka alipostaafu. Kila mwezi sehemu ya mshahara wake ilikatwa na kuwekwa katika mfuko wa uzeeni wa wafanyakazi. Mfuko huo ulikuwa na mashamba yake, na kwa kuwa pesa siku hizo ilipoteza thamani ukiwa bado umeishika mkononi, wazee walilipwa mahindi.

Asubuhi ambayo Nkambo aliitwa kuchukua mahindi yake, Tonton Kapenda, mtoto wa kiume wa Nkambo, alifika amevaa koti lake la harusi.

"Mama, leo tunachukua magunia yote. Nitayauza kule Base, askari wana njaa. Na weye, Talitha, nitakuletea viatu vya Lubumbashi."

Talitha alizitazama kandambili zake. Moja ilikuwa imefungwa kwa waya.

"Nkambo, chukua yote," akasema upesi.

"Nilisikia kuna njia nyingine," Nkambo alisema. "Ya kuchukua kidogo kidogo."

"Ile?" Kapenda alicheka. "Kila miezi mitatu wanakuita mbele ya bantu wote, na weye unajibu kwamba uko hai. Mama, ile iko kuita kifo! Muntu hatangazi vile."

Jambo hilo lilimwogopesha Nkambo kuliko ndege.

Ofisini walipokelewa na Mama Clotilde, msimamizi wa mfuko, mwanamke aliyesema kwa sauti ya kuamrisha hata alipokuwa akisalimia.

"Mama Émerence, njia ni tatu. Ya kwanza, unabeba magunia yote leo, tunafuta jina lako, na hakuna kurudi. Ya pili, unapokea fungu lako kila miezi mitatu, ukiitika kuonyesha kwamba uko hai, mpaka mwisho wa maisha yako. Ya tatu, unachukua sehemu leo, na yanayobaki yanakuja kwa mafungu. Unataka ipi?"

"Ya kwanza," Kapenda alijibu.

Talitha aliwaza nyumba yao ya vyumba viwili ikiwa imejaa magunia mpaka darini. Kisha akamkumbuka jirani yao, Papa Mwanza. Askari walipita kwake mara moja tu, wakaondoka na mbuzi, godoro na sufuria.

"Mama Clotilde, na askari wakipita kwetu?"

"Watabeba. Na sisi hatutakuwa na kitu kingine cha kumpa Mama Émerence."

"Mutoto anyamaze!" Kapenda alifoka. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Minyi mwenyewe njo nauliza."

"Viatu hutaki?"

Talitha alivitaka sana. "Sitaki viatu vilivyonunuliwa kwa chakula cha Nkambo."

Kapenda akamgeukia mama yake. "Basi utasimama hapa kila mara kutangaza uko hai, mpaka kifo kisikie!"

Nkambo aligeuka kuelekea mlangoni. Talitha akamshika mkono.

"Lakini Nkambo, kila Jumapili kanisani unasimama kutoa ushuhuda. Unasema, 'Bwana asifiwe, niko hai tena!' Tena unasema kwa nguvu. Mbona kifo hakijasikia?"

Wazee waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Nkambo naye alicheka mpaka akalishika lile goti lake. Kisha akanyooka.

"Kapenda, nimepikia watoto wa watu maisha yangu yote. Hakuna siku niliyowapakulia chakula cha mwaka mzima kwa mara moja. Nipe ya tatu, Mama Clotilde. Sehemu kidogo leo, niiuze nitengeneze paa. Yanayobaki, kidogo kidogo."

"Na mimi?" Kapenda aliuliza.

"Weye una mikono. Lima."

Miezi mitatu ilipopita, Talitha alimsindikiza Nkambo ofisini akiwa na kandambili zilezile za waya. Tonton Kapenda naye alikuja, bila koti, akisukuma baiskeli ya kubebea gunia. Jina la Nkambo lilipoitwa, ndege ilipita juu ya paa na mabati yakatetemeka. Watu wakainama. Nkambo hakuinama.

"Niko hai!" alipiga kelele.

"Hata rubani amesikia," alisema Mama Clotilde. Kisha akamtazama Talitha. "Uliuliza vizuri siku ile. Akiba ya uzee ni ya mzee mwenyewe. Kabla ya kuichukua, ajue njia zote, na ajiulize atakula nini akizidi kuzeeka. Na mtu akikuharakisha, mwache asubiri, hata kama ameshika viatu mkononi."

Kapenda alitazama chini na kuhangaika na mnyororo wa baiskeli.

"Umesema vema," Nkambo alisema. "Sasa jaza hilo gunia mpaka juu. Niko hai, na macho yangu pia."