Onyo Aliloficha Nyamizi

Kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, Nyamizi alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao, mjini Bariadi. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, kuukuu, mpaka iwake umeshachoka kuisubiri. Hapo ndipo binti huyu wa darasa la saba alipoandika, kwa lugha ya C, programu ya kuorodhesha ng'ombe wanaoogeshwa kwenye josho la kijiji cha babu yake, Shishiyu. Programu hiyo ilichaguliwa kushindanishwa kwenye maonyesho ya Nane Nane. Babu, mzee Bundala, akaahidi kuja kuiona.

Tatizo lilikuwa moja. Kila alipoijaribu, kompyuta ilitoa onyo kwamba amri ya "gets", inayopokea maandishi, imepitwa na wakati, tena ni hatari. Nyamizi alikuwa ameitoa kwenye kitabu cha zamani, na kwake ilifanya kazi vizuri tu. Onyo likamchosha, akaiamuru kompyuta isilionyeshe tena.

"Lile onyo umelishughulikia?" Mwalimu Josia, aliyewafundisha kompyuta, alimwuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Halipo."

Siku ya maonyesho, uwanja wa Nyakabindi ulifurika watu. Bandani waliwekewa kompyuta mpya. Nyamizi akaingiza programu yake, akabonyeza. Kompyuta ikagoma: amri ya gets haijulikani. Akabonyeza tena, ikagoma tena. Waamuzi walikuwa wamesimama mbele yake.

"Shuleni ilikubali," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapa si shuleni, binti," alijibu mmoja wao, wakasogea banda la pili.

Mzee Bundala aliinama kwenye kioo. "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe wangu wako wapi humu?"

Nyamizi akaangua kilio, akaungama yote. Mwalimu Josia alivuta kiti.

"Mzee, ng'ombe wako mmoja unamwitaje?"

"Yule wa mahari ya binti yangu Jenipha, mwekundu, mwenye baka jeupe pajani."

"Unasikia, Nyamizi? Jina umelitengea herufi ishirini. Gets haiulizi nafasi iliyopo, inamwaga tu, na jina refu linafuta habari za ng'ombe mwingine. Ndiyo maana kwenye C mpya wameiondoa. Tumia fgets, hiyo huambiwa kipimo kwanza."

Wakaibadilisha, wakaongeza nafasi hadi herufi mia. Kompyuta ikakubali, na ng'ombe wa mzee Bundala akatokea na jina lake zima. Lakini saa hiyo washindi walikuwa wameshatangazwa, na shule yao haikutajwa.

"Onyo linatolewa kukiwa bado na muda wa kurekebisha," alisema Mwalimu Josia. "Ungeniambia ukweli, tungemaliza kazi hii kwa dakika kumi. Likikushinda jambo, sema."

Nyamizi alifuta machozi. "Mwakani nitasema, Mwalimu. Nitakuja na programu nzuri zaidi."

Mwalimu alimtazama kwa huruma. "Mwakani utakuwa umeshamaliza shule yetu, mwanangu."

Wakaanza kukunja nyaya.