Alizichezea Kadi za Kichina za Shoga Yake

"Simamisha! Simamisha!! Kuna mtu huku!!!"

Ilikuwa sauti ya Masoud, msimamizi wa vibarua wa barabara pale Mtambile.

Alichelewa...

Katapila lilishageuka. Kijiko chake kikamgonga Mzee Nyange, aliyekuwa ameinama kuokota sururu, kikambana mguu kwenye rundo la mawe.

Ukelele alioutoa yule mzee, jamani... usiombe kuusikia.

Mbele ya katapila alisimama Shazia, mkalimani mpya, siku yake ya kwanza kazini. Mikono kichwani. Punde tu alikuwa amempigia dereva wa Kichina ukelele wa neno moja. Mngurumo ulilimeza neno lile, hakulisikia mtu isipokuwa dereva.

Na kando ya barabara alikuwepo Mwatima, shoga yake wa tangu skuli. Alikaa kwenye vumbi.

"Ni mie," alijisemea. "Ya Rabbi, ni mie nilomvunja mzee wa watu!"

Ngojeni niwaeleze.

Shazia ni binti wa Bwana Saifuddin, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Madungu, Chake Chake. Nyuma ya duka, katikati ya majora, kuna kompyuta kuukuu. Humo Shazia alitengeneza kadi zake za Kichina. Skrini inakutolea neno la Kichina, unajibu kwa sauti, unabonyeza, kadi inageuka unaona maana yake kwa Kiswahili. Ukikosea, inakurudia na kukurudia mpaka neno likukae.

Hakusoma peke yake. Alimwita Mwatima.

"Njoo tujifunze pamoja, shoga'ngu. Kompyuta hii yangu ni yako."

Basi wakawa wanakaa bega kwa bega, wanacheka matamshi yao, Bwana Saifuddin akiwapigia kelele kutoka mbele, "Nyie! Wateja wangu watadhani humu mna Wachina!"

Raha mustarehe.

Mpaka lilipotoka tangazo. Mradi wa barabara unataka mkalimani mmoja.

Mmoja tu!

Mwatima alishamwambia mama yake kuwa kazi ile ni yake. Mama naye akaitangaza Mtambile nzima. Lakini kila kadi ilipotokea, Shazia alijibu kwanza. Mwatima hajafungua mdomo, mwenzake keshabonyeza.

Alasiri moja Shazia aliinuka kwenda kuswali. Mwatima akabaki na kompyuta.

Akatazama mlango...

Akafungua kadi ya "kushoto", akaitia maana ya "kulia". Ya "kulia" akaitia "kushoto". Akavuruga na "ingia" na "toka". Akahifadhi.

Shazia akarudi na sahani ya badia za moto.

"Kula kwanza, yakhe. Naona uso umekusawajika."

Mwatima akala. Moja tu, akaaga.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena dukani. Mara mama anaumwa, mara karafuu zinataka kuanikwa. Visingizio tu!

Siku ya intavyuu walikwenda wote wawili, Wachina wakawauliza salamu na habari za nyumbani. Shazia akapita. Mwatima akamkumbatia, akampongeza, na moyoni kitu kikawa kinamtafuna. Zile kadi je? Si bado zimo kichwani mwa mwenzake?

"Atagundua mwenyewe," akajipoza.

Hakupoa. Ndiyo maana asubuhi ile alikwenda barabarani, aseme kabla kazi haijaanza. Shazia alipomwona, mbio akaja na helmeti yake kichwani.

"Umekuja kuniona siku yangu ya kwanza! Mwatima, weye ni ndugu!"

Mwatima akaishia kumpongeza tena. Shazia akaitwa kazini. Yaliyofuata mmeshayasikia.

Mzee Nyange alipokwisha kupakiwa garini kupelekwa hospitali, Masoud alimgeukia Shazia, macho mekundu.

"Ulimwambia dereva aende wapi?"

"Kushoto."

"Na mtambo umekwenda wapi?"

"...Kulia."

"Basi hicho Kichina chako cha wapi? Vua helmeti! Nenda kwenu!"

Shazia akavua. Akamkabidhi, akaondoka.

Masoud akaangaza, akamwona Mwatima.

"Wee si ulikuja kwenye intavyuu? Shika hii. Kazi yako."

Kazi ile ile! Helmeti ilikuwa bado ina joto la kichwa cha mwenzake.

Mwatima aliitazama... akakimbia nayo kumfuata Shazia.

"Shazia! Nisimamie! Ni mie! Nilizigeuza kadi zako, kushoto nikakuandikia kulia! Nilitaka ukose. Mguu wa yule mzee uko shingoni mwangu!"

Shazia akasimama. Akageuka.

"Najua."

"Unajua nini?!"

"Kadi. Nilizikuta kesho yake, nikazirekebisha. Kompyuta ile tunaitumia mie na weye tu, Mwatima. Nilikuwa nangoja uniambie."

Mwatima akamsogelea.

"Sasa... dereva?"

"Nilisema zuo. Zuo ni kushoto, sikukosea. Lakini dereva alikuwa ananielekea. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Yeye kaenda kushoto kwake, alikokuwepo mzee. Kosa langu hilo, si lako."

"Mbona hukumwambia Masoud?"

"Mtu kavunjika mguu, nisimame kubishania maneno?"

Mwatima alirudi. Mbele ya vibarua wote alimweleza Masoud jinsi dereva na Shazia walivyoelekeana. Dereva akaulizwa kwa ishara za mikono, akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kuulizwa, Mwatima akasema na la kadi. Akaiweka helmeti miguuni pa Masoud.

Shazia alirudishwa kazini, na tangu hapo madereva wanaelekezwa kwa mkono na neno pamoja.

Mzee Nyange sasa anatembea kwa mkongojo. Mwatima humpelekea uji wa muhogo, na kila akimwomba radhi, mzee hucheka, "Radhi ya nini, mwanangu? Mtambo ulinigonga, si weye."

Haimsaidii.

Shazia naye wakikutana humpa mkono, humuulizia mama, huondoka. Hajamtukana hata mara moja. Hajamwambia tena "shoga'ngu".

Ndugu msomaji, kama kuna jambo umemtendea mwenzako kwa siri, mfuate ukamwambie. Usimwachie akutangulie na lile neno "najua". Mwatima anasema lilimuuma kuliko tusi lolote.