Mabomba ya Jakuzi

Aliyepatwa na haya si mimi, ni shoga yangu anayesafisha nyumba ya wageni, ila nayaandika kwa sababu wanangu waliogelea kwenye jakuzi la humo, lile beseni la maji moto yanayobubujika, Jumamosi, na maji yalikuwa maangavu, yananukia klorini. Kumbe mabomba yana miezi sita hayajaoshwa.

Jana akamwaga dawa ya kuosha mabomba, akawasha pampu, na matunduni ukatoka utelezi wa kijivu, mapande mapande kama utando wa maziwa yaliyochacha, unanuka soksi zilizovunda. Akawa anauchota kwa chujio.

“Dada, wageni wanaingia saa tisa na watoto wao,” msimamizi akasema mlangoni. “Tia klorini, funika kombe.”

“Kombe lenyewe linanuka, bosi. Njoo uonje.”

Msimamizi akaenda zake. Mara umeme ukakatika, na chumba cha jakuzi hakina dirisha, ikawa giza tupu. Pampu ikanyamaza, lakini mabomba yakaendelea kugugumia, gu, gu, gu, kama mtu anayemeza. Akajua ni uchafu umekwama, akaingiza kidole tunduni auchokoe.

Kitu ndani kikakinyonya, taratibu, kwa fizi laini za uvuguvugu zisizo na jino.