Saa Tatu ya Nani?

Mtaani kwetu Gulele, hapa Addis, mimi huamshwa na harufu ya injera, mkate wetu mpana mwembamba. Emama Askale, yaani Mama Askale, jirani yangu wa ukuta mmoja, huamka kabla ya ndege. Humimina uji uliochacha wa tefu, nafaka yetu ndogo, juu ya kikaango chake kipana cha udongo, na hapo njaa hunishika hata kama jana nililala nimeshiba. Mtaa mzima hununua kwake. Mtu akionja tu, husema, "Huu ni mkono wa Askale."

Binti yake, Tsige, alisomea kompyuta. Akaanzisha kampuni changa pale pale nyumbani. Akatengeneza programu ya simu, akaipa jina la Mkono wa Askale. Unachagua injera, unachagua saa, Tsige anakuletea kwa bajaji. Rafiki zake wa ofisini wakaijaribu, wakasema safi sana. Na mimi nikapiga vigelegele.

Kisha Bogalech akambatizisha mjukuu wake.

Bogalech anakaa ng'ambo ya mto. Ni mteja wa Emama tangu wote wawili wakiwa na meno yao yote. Tsige alimbembeleza aagize injera za karamu kwa simu. Bogalech akachagua saa tatu, watu wakitoka kanisani. Siku ikafika. Kasisi amekaa, wageni wamenawa mikono, mchuzi wa kuku unatoa mvuke. Injera hakuna! Akampigia Emama, lakini Emama akiwa jikoni hashiki simu. Namba ya Tsige haikuandikwa popote kwenye programu. Wakakimbia nyumba kwa nyumba kuazima. Injera za Askale zilifika saa tisa alasiri, wageni wameshakwenda zao.

Jioni Bogalech alikuja mwenyewe. Sauti yake niliisikia kabla sijamwona.

"Askale! Umeniaibisha mbele ya kasisi!"

"Mimi? Nimepika, nimefunga, nimempa mtoto!"

"Basi hiyo simu yenu ndiyo imeniaibisha. Sinunui tena!"

Akaondoka. Emama akafunga mlango. Kisha akamwambia binti yake, "Tsige, Meskeli, sikukuu ya Msalaba, ikifika na Bogalech hajarudi, toa jina langu humo. Jina langu nimelipika maisha yangu yote."

Tsige alilia. Jamani, mtoto yule alilia mpaka nikamhurumia. Nikamvuta kwangu, nikachoma kahawa, nikakaanga bisi. Nikamwita na Dagim, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Kazi ya Dagim ni kukaa na watu wanapotumia simu na kuangalia wanakwama wapi. Zamani nilidhani ananitania. Mtu analipwa kutazama vidole vya watu?

"Alibonyeza tatu," Tsige akasema huku akijifuta machozi. "Nikapeleka tatu. Tatu si ni tatu?"

"Tatu ya nani?" Dagim akauliza. "Nikikwambia tukutane saa tatu, utakuja lini?"

"Asubuhi. Baada ya chai."

"Na simu yako inalijua hilo?"

Tsige akaitazama simu. Akajipiga kofi la paji la uso. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Simu yake huhesabu kigeni, tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tatu ya simu ilikuwa tisa yetu. Pembeni kulikuwa na alama ya mchana, ndogo kama chawa, tena ya rangi ya majivu. Bogalech angeionea wapi?

"Lakini rafiki zangu hawakukosea," Tsige akasema.

"Rafiki zako wanashinda na kompyuta kama wewe," Dagim akajibu. "Ulijipima mwenyewe ukajipa maksi. Mnunuzi wako ni huyu hapa." Akaninyooshea kidole mimi, Etagu! "Etiye Etagu, chukua simu. Agiza injera. Tsige, wewe usiseme neno. Tazama tu."

"Nikishindwa kujizuia je?"

"Jaza bisi mdomoni."

Nikachukua simu. Picha zikaanza kucheza. Hii inaingia, ile inatoka. Nikangoja zimalize harusi yao. Kisha nikaulizwa jina langu. Nikaandika. Nikaulizwa jina la ukoo.

"Ukoo gani? Mimi nina jina langu na la baba yangu. Nani hapa Addis ana ukoo kwenye simu?"

Nikaulizwa siku ya kuzaliwa. Nikaulizwa neno la siri.

"Siri ya nini? Nataka injera, sitaki kuiba!"

Dagim akacheka. Nikaendelea kubonyeza. Simu ikaandika kwa rangi nyekundu: KOSA.

"Kosa gani?" nikaifokea. "Sema! Umeniita mkosaji halafu unanyamaza?"

"Etiye, bonyeza pale ju..." Tsige akaanza.

"Bisi!" Dagim akamkatiza.

Tsige akajaza mashavu. Nikahangaika mpaka kahawa ya kwanza ikapoa. Injera sikuiona hata moja. Nikairudisha simu na hasira zangu zote.

"Umeona?" Dagim akamwambia Tsige. "Huyu mama si mjinga. Anapika kahawa huku anagombana na watu watatu. Programu ndiyo imemkwamisha. Mtu akiingia dukani, unamwonyesha bidhaa kwanza. Wewe umemsimamisha mlangoni unamuuliza baba yake nani."

"Nilitaka ionekane ya kisasa," Tsige akasema polepole.

"Nzuri ni ile mtu anayoimaliza bila kukuita."

Siku zilizofuata Tsige alifanya kazi kweli kweli. Zile picha za kucheza alizitoa kwa uchungu. Alizipenda, maskini. Ukifungua sasa unakutana na injera moja kwa moja. Jina na namba ya simu vinaulizwa mwishoni tu. Ukisahau kitu, unaambiwa ni kitu gani. Namba ya Tsige iko pale chini, kubwa. Na saa imeandikwa kwa maneno: saa tatu asubuhi, na kijua kimechorwa pembeni.

Lakini Dagim akamwambia, "Bado. Mpelekee Bogalech."

"Atanifukuza!"

"Usiende kumuuzia. Nenda akuonyeshe ulipomkosea."

Nikamsindikiza, maana peke yake asingefika hata mtoni. Bogalech alitupokea kwa uso wa mbuzi. Ila aliposikia anaombwa kuikosoa simu, macho yakamng'aa. Kukosoa anakupenda kuliko sukari.

"Herufi hizi ziongeze. Hapa panasema 'wasilisha'. Nani anaongea hivyo? Andika 'agiza'. Na kabla sijaagiza, niambie umenielewa vipi!"

Tsige akatii yote. Mwishoni mwa kuagiza akaweka maneno haya: *Injera zako zitafika kesho, saa tatu asubuhi. Ni sawa?*

Meskeli ikakaribia. Bogalech kimya. Kila asubuhi Emama alimuuliza binti yake kwa macho tu, naye Tsige alitikisa kichwa. Hata mimi nilikuwa simalizi chakula changu.

Mkesha wa Meskeli simu ikalia. Tsige akapiga ukelele nikadhani ameungua. Bogalech! Injera za karamu, kesho, saa tatu asubuhi.

Emama aliinuka. Alivaa kitambaa chake kichwani, akaenda kukoroga tefu.

Kesho yake nilipanda bajaji na Tsige, nimepakata kapu la injera za moto. Tulipofika, Bogalech alikuwa amekaa kizingitini na wageni wake wote, wanatazama njia. Kumbe alikuwa amewaambia kila kitu! Kengele ya kanisa ikalia saa tatu, na sisi hao tunaingia langoni. Ua mzima ulilipuka kwa vigelegele. Bogalech alikata kipande cha injera, akachovya kwenye mchuzi, akamlisha Tsige kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akampigia Emama.

"Askale, leo nimekula mkono wako kwa saa yangu."

Tuliporudi, Emama alikuwa mlangoni. Tsige akasimama mbele yake, hathubutu kuuliza.

"Jina liache," Emama akasema. "Ila nipe hiyo simu. Nami nataka kuikosoa."