Gauni la Sehemu ya Mwisho

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Mwandishi alisimama katikati ya chumba cha mdogo wake, fundi cherehani, naye fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akimpimia pindo la sketi. Alikuwa na mwiko wake mmoja wa kazi: pindo hashoni mezani. Analishika kwa pini, mteja anavaa, anasimama wima, ndipo sindano inaingia. Alikuwa akisema nguo haijui urefu wake mpaka impate mwenyewe.

Dada mtu aliipenda hiyo sentensi. Akaiiba.

Wala hakuishia hapo. Alikuwa akiandika simulizi za kutisha katika gazeti la Jumamosi, na hadithi yake mpya ilihusu fundi wa kike anayeishi peke yake, ambaye cherehani yake inajishonea yenyewe. Gauni linatoka, limebaki pindo tu, na anayelivaa haonekani tena. Chumba alikichukua kama kilivyo: dirisha lenye bawaba moja, mkasi uliozungushiwa kitambaa chekundu mpinini, hata kile kikohozi cha vumbi la nyuzi. Alichobadilisha ni mlango. Wa kweli ulikuwa wa kahawia. Kwenye hadithi akaupaka buluu, akajiona amemsitiri mtu.

Sehemu ya kwanza ilipotoka, fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umenianika mzima mzima, dada. Angalau basi ungenipa mume."

"Wasomaji wangu wana moyo mdogo. Mume wasingemstahimili."

Wiki iliyofuata, kwenye ua alikopanga fundi, alikuja mtu wa kupaka rangi na ndoo yake. Milango mingine mitano hakuigusa. Wa fundi akaupaka buluu. Mwenye nyumba aliapa kwamba hakumtuma mtu.

Baada ya sehemu ya pili, fundi alimfuata dada yake kwake, na safari hii hakucheka. Alieleza kwamba alitoka mchana kununua uzi, na aliporudi akaisikia cherehani ikikimbia ndani ya chumba alichokifunga mwenyewe. Aliingia. Kanyagio lilikuwa likipanda na kushuka. Akachomoa mkanda wa gurudumu, akauweka mfukoni. Kanyagio likaendelea. Mezani palikuwa na gauni la kijivu, la kitambaa ambacho hajawahi kukinunua. Lilikuwa saizi yake. Pindo lilishikwa kwa pini.

Mwandishi alikuwa msomi, mwenye digrii mbili ukutani, na alijibu kisomi. Alisema ni uchovu. Alisema akili ya mtu huona ilichosomewa. Alisema vizuri sana, na kwa muda mrefu. Fundi alimwacha amalize, kisha akanong'ona.

"Sijakuuliza kama unaamini. Nakuomba ubadilishe mwisho. Kwako si karatasi tu?"

"Nitabadilisha."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mdogo wangu."

Na tumtendee haki: alijaribu. Aliandika mwisho ambao fundi anaiuza cherehani, anahamia kwa dada yake, wanakula, wanalala. Akampelekea mhariri miisho yote miwili, ule wa zamani na huu mpya. Mhariri alipiga simu akamwambia huu mpya unafanana na kadi ya kumwombea mgonjwa, na kwamba ule wa zamani umemnyima raha tangu ausome. Lakini hakumlazimisha. Alimwambia achague mwenyewe. Hilo ndilo ambalo mwandishi hakuweza kumweleza mama yao baadaye, kwamba hakuna aliyemlazimisha.

Akausoma tena ule wa zamani. Fundi anachoka kungoja, analivaa gauni, anasimama wima. Basi. Alijua hajawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Alijiambia karatasi ni karatasi. Akasema uchapwe.

Jumamosi, saa nne asubuhi, alisimama mbele ya mlango wa buluu, samahani yake ikiwa tayari mdomoni. Mlango ulikuwa wazi.

Gurudumu la cherehani lilikuwa bado la moto. Sakafuni pini zilikuwa zimepangwa duara, moja moja, kama zinavyowekwa na mtu anayezunguka kwa magoti. Katikati ya duara palikuwa na ndala za mdogo wake. Zilikuwa pamoja, zimetazama dirishani.

Mkanda wa gurudumu ulikuwa umewekwa juu ya ndala.

Polisi waliandika wanachoandika siku zote. Mama yao akaacha kulitaja jina la mwanawe mbele ya huyu aliyebaki. Wasomaji wakatuma barua: mwisho ule umetuacha hoi. Mhariri akampa ukurasa mzima.

Ilimchukua miezi mitatu kulifungua gazeti lile. Maneno yalikuwa yake, nukta kwa nukta, mpaka sentensi ya mwisho. Lakini chini yake palikuwa na nyingine.

"Kabla ya kulivaa, fundi alikata kitambaa kingine, cha dada yake, vipimo alivijua kwa kichwa."

Alimpigia mhariri. Mhariri alitoa nakala yake, akasoma. Ilikuwa hivyohivyo.

"Si uliandika wewe?" akasema. "Mimi hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote."

Gauni alilikuta kabatini siku ileile, kati ya koti lake na sketi ya Jumanne. La kijivu. Pindo limeshikwa kwa pini ishirini na nne. Hakuligusa. Hajaligusa mpaka leo, na amewaapia hivyo ndugu wote wanaokubali bado kumsikiliza.

Ila kila asubuhi anafungua kabati na kuhesabu. Pini sasa zimebaki tisa. Palipotoka zile nyingine pameshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyolalia kushoto, na ni mtu mmoja tu aliyekuwa akishona vile.

Na mtu huyo hakuwahi kushona pindo bila mwenye nguo kusimama ndani yake.